Vani kuukuu, mpira wa dirisha na pesa ya nyumbani

Leo hatuzungumzii bei ya dola wala kampuni gani ya kutuma pesa ina ada nafuu. Leo ni mpira wa dirisha. Ndiyo, ule mpira mweusi ulioshika dirisha la kusukuma la vani, ambao ukichakaa hakuna anayeujali mpaka siku kiti kilowe. Tumeuleta kwenye ukurasa wa akiba kwa sababu ulitulia pesa, na pesa yenyewe ilikuwa ya karo.

Sisi ni sita, hapa Minneapolis na Saint Paul. Wanne tuko saiti za ujenzi, wawili wanatunza wazee kwa shifti ya usiku. Mwaka 2021 tulichanga dola 700 kila mmoja tukanunua vani la Ford Econoline la 2001 kwa dola 4,200. Saa kumi na moja alfajiri linaondoka na watu wa saiti, na njiani linawachukua wale wa usiku na kuwashusha nyumbani. Mjini kuna mabasi na treni, lakini saiti nyingi ziko pembezoni, nyumba mpya zinakoota, na fomeni hasubiri basi. Kwa hiyo gari hili si la kutembelea. Ni kama koleo au nyundo, kifaa cha kazi.

Maji yalianza kuingia vuli ya 2024. Kila mvua ikinyesha, zulia chini ya madirisha mawili ya katikati linalowa, na ndani kunanuka kama gunia la viazi lililosahaulika. Kikao cha kikundi kilikuwa kifupi. Gereji ya vioo iliomba dola 690 kwa madirisha yote mawili, mipira mipya na kazi. Mwezi huo kila mtu alikuwa na jambo lake kule nyumbani. Sisi tunaoshika vitabu, tuliosomea biashara chuo kikuu na kujua maana ya gharama, ndio tuliosema tusitupe pesa kwenye gari bovu, silikoni ya dola 9 itatosha. Tukapaka silikoni kuzunguka dirisha lote kwa nje, tukalainisha kwa kidole, tukapiga picha. Maji yakaacha kuingia. Tukajiona wajanja.

Ikaja wiki ya baridi kali ya Januari 2025, zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Alfajiri moja, gari limejaa watu na vioo vimejaa ukungu, mmoja wetu akataka kufungua dirisha kidogo. Halikusogea. Akavuta kwa nguvu zote mbili, likapasuka lote, vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe vikamwagika mapajani. Hakuna aliyeumia, tunashukuru. Lakini huwezi kwenda barabara kuu ya I-94 kwa mwendo wa maili 60 dirisha likiwa wazi kwenye baridi ile. Siku hiyo hakuna aliyekwenda kazini.

Tuliandika hivi kwenye daftari. Watu wanne, saa nane, dola 23 kwa saa: 736 zimepotea. Teksi ya wale wawili wa usiku: 31. Plastiki na utepe wa kuzibia: 12. Dirisha lililotumika kutoka yadi ya magari mabovu: 60. Jumlisha na ile silikoni ya 9, tunapata dola 848. Na hiyo ndiyo hesabu ya hapa tu. Shule zilikuwa zimefunguliwa kule nyumbani, na mwenzetu mmoja alikuwa anasubiri mshahara wa wiki ile amalizie karo. Ukapungua. Mtoto akakaa nyumbani siku nne. Hiyo hatukuiandika kwenye daftari, lakini kwenye kikao ndiyo iliyozungumzwa zaidi.

Sasa tuelezane kilichotokea, maana kosa letu tunaliona kwenye magari mengi ya wenzetu.

Dirisha la kusukuma lina fremu ya aluminiamu iliyobanwa kwenye bati la gari. Kati ya fremu na bati kuna gundi laini, na ikizeeka inakauka na kuachia. Ndani ya fremu, kioo kimoja kimekazwa hakitembei, kingine kinateleza ndani ya mpira wenye umbo la mfereji uliowekwa manyoya mafupi ndani. Pale vioo viwili vinapokutana katikati kuna mpira mwembamba wa wima. Na kwenye reli ya chini kuna vitundu vidogo vya kutolea maji nje. Hapa ndipo wengi hukosea. Dirisha la aina hii halikuundwa lizuie kila tone. Limeundwa likubali maji kidogo yaingie kwenye reli, kisha yatoke kwa vile vitundu. Ukiviziba, reli inakuwa sufuria.

Sisi tulivibandika silikoni vyote vinne. Theluji iliyoyeyuka kwa joto la hita ikajaa kwenye reli, usiku ikaganda. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na barafu ile ikakishika kioo kama zege linavyoshika nondo. Kioo cha pembeni cha gari ni kigumu ukikigonga katikati, lakini ukingoni ni dhaifu. Kikivutwa huku kimeshikwa chini, kinalipuka.

Kabla ya kununua chochote, hakikisheni kwanza kwamba gari linavuja kweli. Watu watano wakipumua ndani ya gari lililofungwa wakati wa baridi, vioo vinatoa maji vyenyewe, yanachuruzika mpaka chini, na asubuhi unakuta barafu upande wa ndani. Huo si uvujaji, ni pumzi zenu. Kama zulia linalowa siku za baridi kavu zisizo na mvua wala theluji, anzeni na kitufe cha hewa: zimeni ile ya kuzungusha hewa ya ndani, washeni ya kuleta hewa ya nje pamoja na kiyoyozi, ndiyo, hata kwenye baridi, kwa sababu kiyoyozi kinakausha hewa. Haigharimu kitu. Tunamjua jamaa aliyebadilisha mipira yote kwa sababu ya pumzi.

Kama ni uvujaji, mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa bustani. Maji yaanze chini, yapande polepole, dakika mbili mbili kila sehemu. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Halafu chukua kipande cha karatasi, kifungie kwenye dirisha, kivute. Kikitoka bila kukwama, mpira wa hapo umekufa. Na kabla ya yote safisheni vile vitundu kwa waya mwembamba. Gari la rafiki yetu mmoja wa Brooklyn Park liliponea hapo hapo, kwa senti sifuri.

Letu lilikuwa limechoka kotekote. Mei 2025, kulipopata joto, tukaanza upya. Tulisubiri Mei kwa sababu gundi na mipira havitaki baridi: mpira unakuwa mgumu kama ukwaju mkavu na gundi haishiki. Chini ya nyuzi 10 msijisumbue, labda muwe na gereji yenye hita.

Spea ndizo zilitusumbua. Duka la kwanza lilisema mpira wa gari letu hautengenezwi tena, tununue dirisha zima. Hapo mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi gereji za Hiace kule Dar akacheka. Gerezani, au Kirinyaga Road kwa wale wa Nairobi, hakuna anayeuliza namba ya spea ya mpira wa dirisha. Unakwenda na kipande, fundi anakitazama, anakata kwenye roli, unalipa kwa mita. Kumbe na huku ni hivyo hivyo, ila inabidi ujue kuuliza. Vaneti na Hiace za zamani zina mfereji wa manyoya wa namna hii hii. Tukakata kipande cha sentimita tano cha mpira wa zamani, tukapima upana wa nje, kina cha mfereji na unene wa kioo, tukapeleka kwa wauzaji wa vifaa vya vioo. Angalieni vipimo: hapa wanatumia inchi, na kioo cha milimita 5 kinakaribiana na inchi 3/16, lakini si sawasawa. Mfereji ukibana kidogo utalainika. Ukilegea, umetupa pesa. Tulipata futi 14 kwa madirisha mawili, tukanunua 16, maana kona ya kwanza lazima uiharibu.

Yadi za kujing'olea spea mwenyewe, kama zile za Rosemount na East Bethel, ni nzuri kwa fremu, vioo na vitasa. Si kwa mipira. Mpira wa gari la miaka 25 lililokaa juani una uzee ule ule wa wako.

Kazi yenyewe haina maajabu, inataka subira tu. Ndani ya gari kuna pete ya fremu yenye skrubu. Zifungue zote, na mtu asimame nje ameshika dirisha kwa mikono miwili kabla ya skrubu ya mwisho kutoka. Usichokoe kioo kwa bisibisi. Toa gundi ya zamani kwa kikwangulio cha plastiki, futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha tulia, tazama bati.

Hapa tunaomba msiwe na haraka. Kila msimu wa baridi barabara za miji hii miwili hupokea tani nyingi sana za chumvi, na chumvi haiachi bati salama. Kwenye dirisha moja tulikuta kutu ya juu juu. Tukaisugua kwa brashi ya waya, tukapaka dawa ya kutu na praima, tukasubiri ikauke. Lakini kama bisibisi inazama kwenye bati, au ukingo unaoshika fremu umeoza, mpira mpya hautasaidia kitu. Mtabandika kwenye majani makavu. Lala chini ya gari pia, angalia sakafu. Minnesota hakuna ukaguzi wa kila mwaka kwa magari binafsi, kwa hiyo hakuna ofisa atakayekwambia kwamba gari lako limeoza. Sakafu yenye matundu pamoja na bomba la moshi linalovuja, na mipira ya milango ya nyuma iliyokufa, vinaweza kuingiza moshi ndani, na moshi ule una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Wenzetu wa shifti ya usiku wanalala njiani kila siku. Gari likifika hapo, pesa ya mpira iwekeni kwenye gari lingine.

Bati likiwa zima, utepe mpya wa gundi ya butili unazungushwa kwenye fremu bila kuuvuta, miisho ikutane upande wa chini. Mfereji wa manyoya unakatwa kona kwa pembe, na tone la gundi ya mipira linashika kiungo. Sisi tulitumia ya 3M. Kampuni yenyewe makao yake yako Maplewood, jirani na Saint Paul, ingawa bei haikupungua kwa sababu ya ujirani. Silikoni ya nyumba, ile inayonuka siki, usiiweke kabisa. Siki yake inachochea kutu kwenye chuma, na pale ilipowahi kukaa gundi nyingine haishiki. Tulitumia saa mbili nzima kukwangua ile yetu ya dola 9. Skrubu zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, mpaka gundi ianze kutokeza ukingoni. Mwisho, mfereji upuliziwe silikoni ya dawa, ile kavu ya kulainisha, ambayo si sawa na silikoni ya kuzibia. Grisi na mafuta ya injini hapana, vinakamata vumbi na kuharibu mpira.

Gharama yetu ilikuwa hivi: mfereji dola 38, mipira ya wima 16, butili 17, gundi 13, spiriti, kikwangulio na brashi 12, dawa ya kutu na praima 14. Jumla 110. Kulikuwa na pilau ya dola 30 pia, lakini mweka hazina alikataa kuiingiza kwenye gari.

Sasa mtasema, 110 dhidi ya 690, tumeokoa dola 580. Ndivyo tulivyotangaza kwenye kikao, tukapigiwa makofi. Halafu tukarudi nyumbani tukafanya hesabu tena, na hapa tunawaambia ukweli wa kihasibu. Tulikuwa watu watatu kwa saa saba. Kwa dola 23 kwa saa ni 483. Ongeza 110, unapata 593. Akiba halisi ni dola 97, si 580. Na kama Jumamosi ile kungekuwa na ovataimu ya mara moja na nusu, saa zile zingekuwa na thamani ya dola 724.50, yaani kwa kwenda saiti na kumlipa mwenye gereji tungebaki na zaidi. Sisi hatukuwa na ovataimu, tungeshinda tumelala, kwa hiyo ilikuwa halali. Lakini usikwambie mtu kwamba kujitengenezea ni bure. Muda wako ndio bidhaa pekee uliyokuja nayo hapa.

Hesabu iliyotuuma ni nyingine: 690 dhidi ya 848. Hata yule fundi tuliyemwita ghali, tungemlipa vuli ile ile, tungekuwa mbele kwa dola 158, na mtoto angekuwa darasani.

Kwa nini hatukumlipa? Pesa haikuwa na mahali pake. Kila kitu kilitoka kwenye mfuko mmoja, na kwenye mfuko mmoja nyumbani hushinda daima. Mama akipiga simu, mpira wa dirisha hauwezi kubishana naye. Tangu Februari 2025 kila mmoja anatoa dola 5 kila Ijumaa ya malipo, kabla hajafungua programu ya kutuma pesa. Sita mara tano ni 30 kwa wiki, 1,560 kwa mwaka, kwenye akaunti ya peke yake yenye watia saini wawili. Mwenzetu mmoja alipinga sana, akisema dola 5 ni unga wa siku kadhaa kwa watoto wake. Hakukosea. Tulikubaliana alipe mbili na nusu kwa miezi mitatu ya mwanzo, halafu akaja mwenyewe akafidia.

Tunaona watu wanazunguka mji mzima kukwepa ile kodi ya asilimia 1 iliyoanza 1 Januari 2026 kwa pesa inayotumwa nje kwa kulipia taslimu. Kwenye dola 500 ni dola 5. Sawa, ikwepeni, tena ni rahisi: ukilipia kutoka akaunti ya benki ya hapa au kadi iliyotolewa Marekani, haikuhusu. Lakini mtu yule yule ana gari linalooza polepole mlangoni na hajaliangalia.

Bima tunaigusa kwa kifupi. Kama una bima ya chini kabisa inayotakiwa na sheria, kioo chako kilichopasuka ni chako. Bima kubwa inaweza kulipa kioo, ila mpira uliochakaa ni uchakavu wa kawaida, hawalipi. Kuhusu kodi ya mapato, ukiajiriwa kwa mshahara wa kawaida, safari ya nyumbani hadi kazini hairudishwi, na mpira vilevile. Anayejitegemea, anayezunguka saiti moja hadi nyingine kwa gari lake, anaweza kudai senti 70 kwa maili kwa mwaka wa kodi 2025. Akichagua njia hiyo, asidai ukarabati tena kando, maana umo ndani tayari. Kila mwaka tunawakuta watu wamedai vyote viwili.

Msimu wa baridi uliopita zulia la katikati lilikaa kavu, ingawa gari bado linalia kila kona. Madirisha mawili ya nyuma hatujayagusa. Mpira wake umeshakatwa, uko kwenye mfuko chini ya kiti cha dereva pamoja na risiti, dola 41 kutoka kwenye ule mfuko wa Ijumaa. Tunangoja Jumamosi ya Mei isiyo na mvua, wala ovataimu.